Nani Anamlisha Nani?

Kuna hesabu inayopigwa kila siku vijiweni, kwenye vikao vya ukoo na hata mahakamani, na watu wenye akili timamu huipokea bila kuikagua. Inasema hivi: mume anatafuta, mke analishwa. Mume analipa kodi ya nyumba, ada ya shule na umeme, na asubuhi kabla ya kutoka anaacha kodi ya meza, yaani pesa ya chakula cha siku. Mke anapika, anafua, anazaa na kulea, na kwa kazi hiyo analipwa kwa kulishwa, kuvishwa na kusitiriwa. Basi wametoshana, hakuna anayemdai mwenzake. Mke asiye na ajira mtaani wanamwita golikipa, kana kwamba amesimama tu langoni akingoja kudaka kinachorushwa. Siku ndoa ikivunjika, hesabu hiyohiyo ndiyo inayomfanya mume aulize, tena kwa mshangao wa dhati kabisa: huyu niliyemlisha miaka yote hii anadai nyumba kwa lipi?

Swali hilo limeulizwa kihesabu, basi nalo lijibiwe kihesabu. Wanaowatetea wanawake mara nyingi hulijibu kwa huruma: wanataja machozi, watoto, uzee. Huruma ni kitu chema, ila inamwachia mume jambo kubwa mno, kwani inakubali kwamba alikuwa akilisha na inamwomba tu awe mkarimu. Mimi sikubali kwamba alikuwa akilisha. Chakula anachokula mke ni sehemu ya pato alilolizalisha yeye pamoja na mumewe, na kinachoitwa mshahara wa mume, kwa sehemu kubwa, ni malipo ya kazi ya watu wawili yaliyoandikwa kwa jina la mmoja. Ukilikubali hilo, mambo mengi tunayoyaona ya kawaida, kuanzia jina lililo kwenye hati ya kiwanja mpaka nani huamka usiku mtoto akilia, yanakosa pa kusimamia.

Mtetezi wa hesabu ya zamani huanza kwa kusema ndivyo walivyoishi babu zetu. Sivyo walivyoishi. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara kilimo cha chakula kilikuwa mikononi mwa wanawake. Wanaume walifyeka msitu, waliwinda, walichunga na walilinda, lakini chungu kilijazwa na jembe la mke. Picha ya mume anayetoka alfajiri kwenda kutafuta, huku mke akibaki nyumbani kungoja, ilitufikia pamoja na kodi na ajira za mkoloni. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba huku kwetu Tanzania Bara mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wakafanya hivyo Kenya mwanzoni mwa karne iliyofuata, na shabaha mojawapo ilikuwa kuwasukuma wanaume waende kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli na bandarini. Huko walilipwa mshahara uliokadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja. Kamati ya serikali ya kikoloni ya Kenya iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ambayo wanahistoria huiita kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter, ilikiri hivyo mwaka 1954 na kupendekeza mishahara ipandishwe hatua kwa hatua mpaka iweze kutunza familia.

Ungamo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa miongo kadhaa waajiri waliweza kulipa mshahara usiotosha kwa sababu walijua kijijini yuko mke anayelima mahindi na mihogo, anayewalea watoto watakaokuwa vibarua wa kesho, na atakayempokea mume akirudi na kifua kibovu au mguu uliovunjika. Shamba la mke lilimlisha mume, na kupitia mgongo wa mume likamlisha tajiri. Kama kulikuwa na mtu aliyelishwa katika mpango ule, hakuwa mke. Baada ya uhuru tuliirithi picha ya mume mlishaji, tukaipaka rangi ya mila, na leo inatetewa na watu wanaoamini kwamba wanamtetea babu, kumbe wanamtetea meneja wa shamba la mkonge.

Miaka ya 1980 ikaja kuipima picha hiyo upya. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam katika miaka hiyo ya ukata, ameeleza jinsi mshahara wa mfanyakazi wa mjini ulivyotosha chakula cha siku chache tu, na jinsi siku zilizobaki za mwezi zilivyobebwa na miradi midogo midogo: maandazi, barafu, kuku wa mayai, cherehani. Mingi iliendeshwa na wake wa hao hao walioajiriwa. Mume aliendelea kuitwa mlishaji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho cha kazi. Leo hali ni ileile kwa sura nyingine. Afisa wa mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu, anapopita uchochoroni kukusanya marejesho, mara nyingi hamuulizii baba. Anawaulizia akina mama waliokopa ili ada ilipwe, au ili genge lisifungwe. Kodi ya meza ya shilingi elfu tano haigeuki mlo wa watu sita kwa miujiza. Tofauti kati ya bei ya sokoni na noti iliyoachwa mezani hujazwa na mtu, na mtu huyo haandikwi popote.

Wapinzani wangu huamini wananishika tukifika kwa golikipa halisi, mke asiye na shamba, genge wala mradi. Huyu, wanasema, kweli analishwa. Tuangalie. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Kenya ilipima mwaka 2021 jinsi watu wanavyotumia muda wao, ikakuta wanawake hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na matunzo yasiyolipwa, wakati wanaume hutumia chini ya saa moja. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi za aina hiyo hula saa bilioni 16.4 kila siku katika nchi 64 zilizopimwa, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Atakuja mtu aseme saa ni saa tu, kazi hizo hazina bei. Zina bei, na wanaume wanaijua vizuri. Mtumishi aliyehamishiwa Dodoma akaiacha familia Tanga hununua chakula kwa mama ntilie, hupeleka nguo kwa dobi, humlipa kijana wa kuleta maji na wa kufagia. Akifiwa na mkewe na kuachiwa watoto wawili wadogo, ataongeza dada wa kazi, na atahesabu siku alizokosa kazini kumpeleka mtoto kliniki. Mwisho wa mwezi ataona mshahara uleule uliokuwa ukijenga nyumba sasa hautoshi kula. Mshahara haukupungua. Kilichoondoka ni mtu aliyekuwa akiuongeza thamani. Kazi ileile ina bei mikononi mwa mama ntilie, ina bei mikononi mwa dobi, ina bei mikononi mwa binti aliyeletwa kutoka Iringa au Singida, na bei hiyo inayeyuka pale tu kazi inapofanywa na mwenye cheti cha ndoa.

Hata wataalamu wa pato la taifa wanababaika hapa. Kanuni za kimataifa za kukokotoa pato hilo zinakubali kwamba maji anayoteka mke mtoni na kuni anazookota ni uzalishaji unaostahili kuhesabiwa. Akishayabandika maji hayo jikoni kwa kuni hizohizo akasonga ugali, kazi yake inatoka nje ya mpaka wa hesabu. Marilyn Waring, aliyewahi kuwa mbunge huko New Zealand, aliuanika upuuzi huo katika kitabu chake cha mwaka 1988, na wanatakwimu wamekuwa wakijitetea tangu wakati huo kwamba kupima ni kugumu. Pengine ni kugumu. Lakini mpaka huo haukuchorwa na maumbile, umechorwa na kamati.

Kuna sababu nyingine inayofanya kazi ya mke isionekane, na naiona kubwa kuliko zote, ingawa wanaharakati huizungumzia kidogo. Ni mgawanyo wa nani analipia nini. Katika nyumba nyingi ambamo wote wawili wanaingiza kitu, pesa ya mke hulipia vinavyokwisha: mboga, mafuta ya kupikia, sare, daftari, nauli ya daladala, mchango wa mahafali, dawa ya malaria. Pesa ya mume, iliyookolewa na pesa hiyo ya mke, hununua vinavyobaki: kiwanja, tofali, nondo, mabati, pikipiki. Hakuna njama ndani yake. Wanandoa wanaopendana kabisa huishi hivyo, na kila mmoja anaona kuna mantiki, maana mke ndiye aliye karibu na soko na mume ndiye anayezungumza na fundi. Ila pita miaka ishirini uone. Vitumbua vya mke vimeliwa, watoto waliovila wamekua, na hakuna aliyeweka kumbukumbu. Tofali liko palepale na risiti ya saruji iko kwenye faili. Mbele ya baraza la usuluhishi mume anatoa karatasi, mke anatoa maneno. Halafu tunasema mume ndiye aliyejenga. Alijenga, ndiyo, kwa pesa ambayo isingekuwepo kama ingelazimika kununua mchele.

Mahakama zetu zimekutana na jambo hili, na njia waliyopita majaji inafundisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali ya wanandoa izingatie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Neno kazi lilizusha mgawanyiko mkali. Majaji wa upande mmoja walisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, si mchango wa kupata mali. Wa upande wa pili walisema ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliumaliza ubishi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed: ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mwanafamilia, kwa hiyo anayeuhudumia anachangia kupatikana kwa mali. Ulikuwa uamuzi wa kupigiwa mfano. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia sehemu ya nyumba, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizowahi kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi, zikapotea, zilikuwa zimeshamaliza fungu lake. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akaondoka bila kitu. Yanayowapata wanawake wengi baada yake hayako mbali sana na hayo.

Kenya ilichelewa zaidi, kwa sababu hadi mwaka 2013 iligawa mali ya wanandoa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, majaji watano wa Mahakama ya Rufani walisema chini ya sheria hiyo kazi ya mke nyumbani isiyo ya kifedha haihesabiki, na mume katika kesi hiyo alikuwa mwanadiplomasia ambaye mkewe alizunguka naye vituo vya kazi. Katiba ya 2010, ibara ya 45(3), ikaja kutamka kwamba wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 ikayataja kwa majina yale yaliyokuwa hayaonekani: kazi za nyumbani, malezi, kuwa mwandani wa mwenzi, kusimamia biashara ya familia, kulima. Mwaka 2021 Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu ya Nakuru alipoamua kwamba kuwa mama wa nyumbani ni kazi kamili inayostahili kulipwa, mjadala uliwaka nchi nzima. Kisha Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Ogentoto, ikasema usawa wa ibara ya 45(3) haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe mchango wake.

Uamuzi huo umepokewa na wengi kama busara ya katikati, na katika kesi yenyewe mke alibaki na nusu yake. Tatizo liko kwenye neno kuthibitisha. Unamtaka mtu aliyechangia kwa vitu vinavyoliwa alete ushahidi sawa na mtu aliyechangia kwa vitu vinavyobaki. Ushahidi wa kwamba mke aliamka saa kumi usiku miaka kumi na tano ni upi? Ni nani aliyetunza risiti ya kumbembeleza mtoto mwenye degedege ili baba yake awahi zamu? Ukiweka mzigo wa kuthibitisha juu ya pande zote mbili kwa usawa wakati karatasi zote ziko upande mmoja, umeshaamua kesi kabla haijasikilizwa. Uchunguzi wa Kenya Land Alliance wa hati za ardhi zilizotolewa kati ya mwaka 2013 na 2017 ulikuta wanawake wakiwa na takriban asilimia 10 ya hati hizo, na chini ya asilimia 2 ya eneo lenyewe. Sitaki kuamini kwamba wanawake wa Kenya wamechangia asilimia 2 ya jasho lililoifanya ardhi hiyo iwe na thamani, na sijakutana na mtu anayethubutu kulisema hilo waziwazi. Lakini wanaosema mwenye hati ndiye mwenye mali wanalisema hilohilo kila siku bila kutamka tarakimu.

Nijibu sasa pingamizi lenye nguvu kijiweni: mkihesabu kazi ya nyumbani kuwa nusu ya mali, wanawake wataolewa ili waachike. Mtu ataingia kwenye ndoa mwaka huu, mwakani atatoka na nusu ya ghorofa. Hofu hii ina dawa rahisi, na dawa yenyewe imo ndani ya hoja yangu. Nimesema mke ni mchumaji mwenza wa mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Ghorofa lililokuwepo kabla hajafika hakulichuma, na ndoa ya mwaka mmoja imechuma cha mwaka mmoja. Anayeanza na dhana ya nusu kwa nusu kwa kilichochumwa pamoja hamzuii mume kuleta ushahidi kwamba katika ndoa yake mambo yalikuwa tofauti, kwamba mke alikwenda zake mapema, au alifuja. Kinachobadilika ni nani anaanza kujieleza. Leo anaanza mke, asiye na karatasi. Nataka aanze mwenye karatasi.

Pingamizi la pili lina ukweli ndani yake na silikwepi. Wanaume husema wanawake wa siku hizi wanafanya kazi lakini pesa yao hawaitoi. Cha mume ni chetu, cha mke ni chake. Wapo wa namna hiyo, na sheria yenyewe inawaunga mkono. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania kinamtwisha mume wajibu wa kumtunza mke, na kinamtaka mke amtunze mume pale tu mume anapokuwa hawezi kujitafutia riziki kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Kwa mwaka 1971 kifungu hicho huenda kilikuwa ngao. Leo, mke akiwa meneja wa benki na mume amepunguzwa kazini akiwa mzima wa afya, ni aibu iliyoandikwa kisheria. Wakenya tayari wana Sheria ya Ndoa ya 2014 inayoiwezesha mahakama kumwamuru mwenzi yeyote, mke au mume, alipe matunzo. Mwanamume anayelalamikia kifungu cha 63 yuko sahihi, nami niko upande wake. Ila hawezi kutaka pochi ya mke ifunguliwe huku hati ya kiwanja ikibaki imefungwa. Wajibu wa pamoja na umiliki wa mmoja haviendi pamoja. Tena tusitie chumvi juu ya pesa hiyo ya mke inayodaiwa kufichwa. Esther Duflo na Christopher Udry, walipochunguza kaya za wakulima Côte d'Ivoire, waligundua kwamba mvua ikiyapendelea mazao yanayolimwa zaidi na wanawake, matumizi ya kaya huelekea kwenye chakula. Pesa ya mke ina kawaida ya kuishia tumboni mwa watoto, ndiyo maana haionekani, na mume asipoiona hudhani imefichwa kwenye kikoba.

Wako wanaojikinga kwa dini, na hao ningependa wasome zaidi, maana maandiko yenyewe yanawasumbua kuliko mimi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, wanazuoni wanasema kupika na kufua si wajibu wa kisheria juu ya mke. Mume ndiye mwenye wajibu wa nafaka na mavazi, na mali ya mke ni ya mke. Aya ya 6 ya Suratut-Talaq inaagiza mama aliyeachwa akimnyonyeshea mume mtoto wake alipwe ujira. Hata maziwa ya mama yana malipo yake. Basi anayesema ndoa yake ni ya kidini aifuate dini nzima nzima: akubali kwamba kila sahani iliyooshwa na mkewe ilikuwa ihsani, na ihsani ya miaka ishirini si kitu cha kujibiwa kwa kanga mbili na nauli ya kurudi kwao. Mahakama za sharia za Malaysia, ambazo hakuna anayezituhumu kwa ukafiri, hugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa na kuitambua kazi ya mke nyumbani kuwa mchango. Kwa Wakristo, sura ya 31 ya Mithali husomwa sana harusini kwa ajili ya kumwelekeza bibi harusi, na wahubiri hupenda kukaa pale kwenye taa yake isiyozimika usiku. Wangeendelea kidogo, au wangerudi nyuma kidogo. Mwanamke huyo anachunguza shamba na kulinunua, anapanda mizabibu kwa pato la mikono yake, anauza nguo, na mstari wa mwisho kabisa unaagiza apewe matunda ya mikono yake.

Ukiitazama vizuri, hesabu ya mume mlishaji haitoki kwenye dini wala kwenye mila. Ni nguo ya viraka. Wajibu wa mke kupika na kufua umechukuliwa kwenye mila na kuachwa upande wa mila hiyo uliompa mke shamba na ghala lake. Ukuu wa mume kama mtunzaji umetolewa kwenye dini, bila ile sehemu inayomwachia mke jasho lake. Umiliki wa mtu mmoja kwa jina lililo kwenye hati umetoka kwenye sheria za Kiingereza. Kila kiraka kimechaguliwa kwa sababu kinamfaa aliyekuwa akichagua.

Watanijia na methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nyumba, wanasema, lazima iwe na kichwa kimoja. Nitawakubalia kwa muda, kwa ajili ya mjadala tu, kwa kuwa waliochagua mfano wa chombo wamejifunga wenyewe. Kwenye majahazi yaliyosafiri na kaskazi na kusi kati ya Ghuba na mwambao wetu, nahodha alikuwa na amri kamili baharini, lakini desturi ilikuwa kwamba mabaharia hawalishwi tu halafu wakaambiwa asanteni. Pato la safari liligawanywa kwa mafungu, kila mwanamaji akajua fungu lake, na hata mpishi wa chomboni alikuwa na lake. Fungu la nahodha lilikuwa kubwa zaidi. Lakini hakuna nahodha aliyewaambia mabaharia wake bandarini kwamba wali waliokula njiani ndio malipo yao. Anayetaka kuwa nahodha wa nyumba, basi na alete daftari la mafungu.

Linabaki lile dai kwamba usawa unavunja ndoa. Hapa nawaomba wasomaji waangalie sheria ilivyo sasa, kwa sababu ni sheria hiyo, si usawa, inayofanya talaka iwe na faida. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja, ichukuliwe kuwa ni ya huyo peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 114 kinampa mke nafasi ya kuhesabiwa, na kinaitaka mahakama ielekee kwenye usawa, lakini ni baada ya talaka au amri ya kutengana. Ukivisoma pamoja, mke akivumilia, mali inabaki kuwa ya jina lililoandikwa. Akiondoka, mahakama itaanza kumhesabia. Sheria ya Ardhi ya 1999 imejaribu kuliziba pengo kwa kusema mwenzi aliyetia nguvu yake katika kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake anapata maslahi ndani yake, ila ni wanawake wangapi wamewahi kusikia kifungu chake hicho cha 161? Na mume akifa kabla ya kumwacha mke, mjane wa kijijini hukabidhiwa kwa sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilizikuta zikiwabagua wajane wawili wa Kitanzania, waliofukuzwa kwenye nyumba walizoishi na waume zao. Mke aliyetalikiwa ana kifungu cha 114. Mke mwaminifu aliyemuuguza mumewe mpaka kaburini ana shemeji zake. Anayeipenda ndoa angeanza kupiga kelele hapo.

Kinachohitajika hakihitaji kuvumbua kitu kipya. Umiliki wa pamoja wa mali inayochumwa ndani ya ndoa uanze siku ya ndoa, na ofisi ya ardhi iandike majina mawili bila kuuliza, isipokuwa wanandoa wenyewe waseme vinginevyo kwa maandishi. Wajibu wa kutunza familia uwe wa wote wawili kwa kadiri ya uwezo wao. Na ile saa moja pungufu ya kazi za nyumbani ya mwanamume wa Kenya iongezeke, hapa kwetu pia, maana mke mwenye jina kwenye hati lakini anayefanya zamu mbili bado analipa gharama ya nyumba peke yake kwa mgongo. Bunge limekuwa na sababu ya kuifungua Sheria ya Ndoa tangu Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilipokubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya 13 na 17 kuhusu umri wa kuolewa vinakiuka katiba. Wabunge wakiwa wameufungua ukurasa huo, kifungu cha 60 kiko kurasa chache tu mbele.